Singe ndefu ilishindwa na handaki

Ukitaja Vita Kuu ya Kwanza, wengi wetu tunamwona askari anayekimbia, singe ikiwa mbele ya bunduki. Hata Sanamu ya Askari pale Posta, Dar es Salaam, iliyozinduliwa 1927, imeelekeza singe yake bandarini. Naona taswira hiyo inatupotosha. Aliyepambana ana kwa ana ndani ya mahandaki ya Ufaransa alihitaji kisu, na mara nyingi ilibidi ajitengenezee mwenyewe.

Wafaransa waliingia vitani 1914 na bunduki ya Lebel yenye urefu wa mita 1.3. Singe yake, waliyoipa jina la Rosalie, ilikuwa na chuma cha sentimita 52. Ukivichomeka pamoja, unashika kitu kirefu kama mkuki, kinachompita askari mwenyewe kimo. Majenerali waliamini ujasiri wa kushambulia ungezishinda rashasha na mizinga. Maelfu kwa maelfu ya vijana walikufa kwa imani hiyo.

Kisha majeshi yakajichimbia ardhini. Handaki lilikuwa jembamba, lenye kona nyingi, na uvamizi ulifanywa usiku kwa kutambaa kati ya seng'enge. Mle ndani silaha ndefu haina pa kugeukia. Askari hawakusubiri ofisi za silaha. Walichukua vyuma vya kushikilia seng'enge, wakavifua, upande mmoja wakautia ncha, mwingine wakaukunja uwe mpini. Kisu hicho kikajulikana kama msumari wa Kifaransa. Wengine walikata singe zao zikawa visu. Hapa ndipo ninapowavulia kofia: mhunzi wa kijijini aliyevishwa sare aling'amua tatizo mapema kuliko wakubwa wake. Makumbusho yanayopanga singe zinazong'aa ukutani yangepaswa kuweka msumari ule mahali pa mbele.

Wamarekani nao walijifunza kwa kujikwaa. Kisu chao cha 1917 kilikuwa cha pembe tatu: kilichoma tu, hakikukata. Cha 1918, Mark I, kilipewa makali pande mbili na mpini wa shaba wenye matundu ya vidole, ili mkono huohuo uchome na upige ngumi. Kinatisha kukitazama, lakini matundu yale yaliufunga mkono. Kubadilisha mshiko gizani ilikuwa kazi.

Ofisi zilikubali kushindwa katika vita vya pili. Mwaka 1943 Marekani ilianza kuzikata singe zake za zamani kutoka sentimita 40 hadi 25. Mwaka huohuo kikaja kisu cha M3, chepesi, bila matundu ya shaba. Na 1944 walipohitaji singe ya bunduki yao fupi ya M1, hawakubuni upanga mwingine. Waliichukua M3 yenyewe, wakaiwekea pete ya kuingia kwenye mtutu, wakaiita M4. Kisu cha handaki kikawa ndicho singe.