Fuata petroli kabla ya kuilaumu kabureta

Kwadi kuukuu, yaani pikipiki ya matairi manne, ikianza kukohoa, hukumu hutolewa hata kiti hakijafunguliwa: "Kabureta imekufa, nunua nyingine." Nimeisikia kauli hiyo Paje, nimeisikia Diani, na kila nikiisikia huniuma, maana mara nyingi kabureta inayotupwa ni nzima kuliko ile inayokwenda kununuliwa. Msimamo wangu ni kwamba fundi asiiguse kabureta ya kwadi, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, kabla hajaifuata petroli njia nzima, kuanzia kifuniko cha tangi mpaka kwenye plagi.

Mashine ninazozisemea ni zile zilizokwisha kula chumvi. Zimebeba watalii mchangani miaka nenda miaka rudi, kisha zikauzwa kwa mtu wa shamba, au kwa kijana anayetaka kuanza kutembeza wageni mwenyewe. Honda, Yamaha na Suzuki za miaka ya 1990 ni za kabureta, hazina kompyuta ya kupima mafuta. Kwangu hiyo ni neema, kwa kuwa mfumo wote unakaguliwa kwa bisibisi, koleo, chupa safi na subira.

Anza na plagi. Piga stata mara kadhaa, ichomoe, itazame. Ikiwa kavu kabisa, petroli haifiki. Ikiwa imelowa na inanuka, petroli inafika na pengine inazidi, basi ugonjwa utafute kwenye moto wa plagi, au kwenye sindano ya boya isiyofunga, ile ya ndani ya kabureta inayokata petroli bakuli likijaa. Ni kazi ya dakika chache, na inasikitisha kwamba wengi wanairuka.

Halafu nenda kwenye kifuniko cha tangi. Kina tundu dogo la kupitishia hewa, au mpira mwembamba unaopanda kuelekea usukani. Tundu likizibwa na vumbi na chumvi, hewa haiingii kushika nafasi ya petroli inayotoka, na petroli inagoma kushuka. Mashine inawaka vizuri, inakwenda robo saa hivi, inazimika. Ukiiacha ipumzike inawaka tena na safari inaendelea mpaka izimike upya. Siku ikikufanyia hivyo, fungua kifuniko papo hapo. Ukisikia hewa inavutwa ndani, na mashine ikawaka mara moja, umeshampata mchawi, na dawa yake ni pini. Watu wamelipia kabureta nzima kwa ajili ya tundu hilo.

Hapo ndipo uje kwenye koki, ile ya kufungulia na kufungia petroli chini ya tangi. Injini iwe imepoa, usiwe ndani ya chumba, na mvuta sigara akae mbali. Chomoa mpira wa mafuta unapoingia kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa ya kioo, fungua. Petroli inapaswa kutiririka mfululizo. Ikidondoka tone tone, kabureta haina kosa: angalia wavu ulio ndani ya tangi, koki yenyewe, filta, na mpira. Mpira wa miaka mingi unadanganya macho, kwa sababu nje unaonekana mzima kumbe ndani umevimba na njia imebaki nyembamba. Baadhi ya koki hufunguliwa na mvuto wa injini, hizo hazitoi kitu mpaka injini izunguke au uziweke kwenye alama ya PRI, inayoachia petroli bila kungoja injini. Na kuna mashine zenye pampu inayosukumwa na mapigo ya injini, Polaris nyingi za zamani zikiwemo. Utando wa pampu ukipasuka, petroli inaweza kuvutwa hadi kwenye oili. Chomoa kijiti cha oili unuse. Ikinuka petroli, au imepanda kupita alama, usiwashe kabisa mpaka umeimwaga.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote kiko chini ya kabureta. Bakuli lake lina skrubu ndogo ya kumwagia. Ilegeze, kinga glasi safi, uiweke juani. Petroli nzuri inang'aa. Yenye maji inajionyesha yenyewe, matone yanatulia chini yakiviringika kama shanga ukiinamisha glasi. Mchanga mwembamba utauona ukitua. Petroli iliyolala miezi huja na harufu kali ya kuchacha, na ndiyo inayoacha gundi ya kahawia kwenye matundu ya jeti, vile vipande vya shaba vinavyopimia petroli ndani ya kabureta. Glasi moja inakueleza zaidi ya mafundi watatu wanaobishana.

Uchafu huo haukuzaliwa ndani ya kabureta. Tunanunua petroli ya chupa za maji barabarani, tunamimina kutoka madumu yaliyowahi kubeba kila kitu, upepo wa pwani unapuliza mchanga huku tangi liko wazi. Uchakachuaji nao ni wa kweli. Tanzania ilianza kutia mafuta kinasaba, alama ya kemikali ya kuyatambulia, mwaka 2010 chini ya EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, ili kuwanasa wanaochanganya, na Kenya mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa kuondoa kishawishi cha kuyachanganya na mengine. Ukifunga kabureta mpya juu ya tangi chafu, umenunua miezi michache tu.

Ikiwa petroli inatiririka, ni safi, na mashine bado inasumbua, sasa ifungue kabureta, tena kwa heshima. Inayowaka kwa choki pekee na kufa ukiirudisha, mara nyingi jeti yake ndogo imeziba, ingawa valvu zilizobana nazo huleta dalili hiyo hiyo. Inayonguruma vizuri ikiwa imesimama lakini inakosa pumzi ukiipa moto wote, tazama jeti kubwa, au utando wa mpira ulio juu, kwa kabureta zenye utando huo. Tundu la jeti ndogo halifiki nusu milimita. Ukilichokoa kwa waya wa chuma unalipanua, na shaba haina namna ya kurudi. Tumia dawa ya kusafishia kabureta, upepo wa kompresa, na kipande cha mshipi mwembamba wa nailoni. Naisema hii kwa uchungu, kwa kuwa nimeona kabureta za asili za Keihin na Mikuni zikiharibiwa kwa waya wa brashi, kisha mwenye mali akauziwa ya kuiga ambayo jeti zake hazikupimwa kwa injini yake.

Mafundi wetu wana mikono mizuri. Ninachoomba ni utaratibu, na wateja tukubali kulipa saa ya kutafuta ugonjwa badala ya kulipa spea peke yake. Anayelipwa kwa spea tu atakuuzia spea.

Na kwa wenye kwadi zinazolazwa masika: mwaga petroli iliyomo kwenye tangi, funga koki, acha injini iunguze kilichobaki mpaka izime yenyewe, kisha fungua ile skrubu ya bakuli imalizie. Filta mpya funga siku ya kuirudisha barabarani, pamoja na petroli mpya kutoka kituoni.