Konda Ananiita Mwalimu

"Mwalimu, sogea nyuma, nyuma kweupe!" Konda wa daladala za Mbagala hanijui hata jina, ila ameshanipa kazi. Mimi nauza vipuri vya pikipiki Gerezani. Ualimu nimepewa na miwani ya fremu nyeusi, nene, niliyoichagua kwa sababu ilikuwa ya bei ya chini kabatini. Wiki ile miwani ilipokuwa kwa fundi ikibadilishwa lenzi, konda yuleyule alinipigia kelele: "Oya, kaka, ubavu huo!"

Watu tumejitungia kamusi. Fremu nene, msomi. Isiyo na fremu, mhasibu au mchungaji. Nyeusi tii ndani ya nyumba, ama bodigadi ama mtu aliyeamka vibaya. Ya duara, msanii, na hilo tumelirithi kwa John Lennon, mwanamuziki wa Beatles, wakati Uingereza miwani ya duara ilikuwa ile ya kawaida kabisa iliyotolewa na huduma ya afya ya serikali kuanzia 1948. Zile kubwa zilizotengenezwa miaka ya 1930 kwa marubani wa Marekani leo zimekaa puani kwa bodaboda, na hao siwalaumu. Vumbi na upepo wanavijua wao.

Kamusi hii mimi siiamini, na sababu yangu iko Kongo. Tazama picha za 1960 za Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo: tai kipepeo, ndevu za kidevuni, miwani yenye ukingo mweusi juu ya macho. Kisha mtazame dikteta Mobutu, aliyekuwa mtu wake wa karibu kabla ya kumgeuka: kofia ya chui, na chini yake fremu nyeusi, nzito, mpaka alipong'olewa 1997. Muuza miwani angewahudumia hawa wawili kwenye kabati moja. Ukitaka kujua yupi ni yupi, fremu haikusaidii kitu.

Picha inayoniuma zaidi ni ya Desemba 1960. Lumumba amekamatwa, mikono imefungwa nyuma, miwani haipo. Ana miaka 35, na ghafla unaona jinsi alivyokuwa kijana.

Kama kuna kinachomsema mtu, basi ni anavyoishi na miwani yake. Mama yangu, ile yake ya kusomea ameifunga uzi wa kufumia, inaning'inia kifuani. Nikianza kumzungushia maneno, haivai vizuri. Anaishusha mpaka ncha ya pua, ananitazama kwa juu. Hapo nasema ukweli.

Na mimi? Skrubu ya mkono wa kulia ilidondoka tangu Ramadhani. Nimechomeka pini, nikaikunja, maisha yanaendelea. Jumapili Mama aliivua usoni mwangu, akaigeuza huku na huku, akaigusa ile pini kwa ukucha.

"Dukani kwako skrubu zimeisha?"

Nikajifanya namsikiliza muuza samaki nje.