Arobaini Zangu Zilifikia Shimoni

Kwanza, sikuanguka. Naanza na hilo kwa sababu Madam wa Hisabati ameshasambaza sauti ya dakika tatu kwa nusu ya Kisumu, na humo ndani nimetumbukia shimoni mzima mzima, Fadha akanivuta kwa mkanda wa suruali. Uongo. Kilichoingia shimoni ni mguu mmoja tu. Wa kushoto. Na mkanda wangu haukuguswa na mtu.

Kwa hiyo tulieni niwape yenyewe, kidonda kingali kibichi.

Mnanijua. Mwalimu wa Kiswahili, mtoto wa Nyalenda, nimekulia kwenye mabati na simiti. Mti pekee niliowahi kuusimamisha maishani ni wa Krismasi, nao ulikuwa wa plastiki. Ulezi wa klabu ya mazingira niliupata kwa njia ile kazi zote za shule hupatikana: nilikosa kikao kimoja. Nilipofika kesho yake, Sista Mkuu akaniita, na kwa ule upole wa masista usiokuachia mlango wa kutokea, akaniambia Roho Mtakatifu amenichagua. Katibu wa kikao alikuwa Madam wa Hisabati. Sitaongeza neno.

Sasa, Kipindi cha Uumbaji, kile cha Wakristo kuyaombea na kuyatunza mazingira, huanza tarehe 1 Septemba na kufungwa 4 Oktoba, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Sista akataka shule yetu ikifunge kwa kupanda miti arobaini, kama siku za Yesu jangwani. Mimi, mwalimu wa Kiswahili niliyefundisha methali miaka kumi na moja, nilisikia arobaini na sikushtuka. Siku za mwizi ni ngapi? Haya basi.

Miche niliinunua kwenye kitalu kimoja kando ya barabara, upande wa Mamboleo. Ishirini ya siala, ishirini ya mwarobaini, kila mmoja umesimama kwenye ile karatasi yake nyeusi ya nailoni iliyojaa udongo. Mzee wa kitalu akanipakilia kwenye tuktuk, akanishika mkono, akaniangalia kama mtu anayekuachia mtoto wake. "Japuonj," akaniambia, yaani mwalimu kwa Kidholuo, "lolote ufanyalo, usisumbue mizizi. Mizizi ikishtuka, mti umekwenda."

Nikaishika hiyo kama amri ya kumi na moja.

Alhamisi nikawatoa wasichana wa klabu wapande thelathini na tisa, wa arobaini ukabaki wa Fadha siku ya sherehe. Sista alikuwa kwenye mafungo, kwa hiyo mtaalamu nilikuwa mimi. Nikawapanga. Shimo, samadi, mche ndani, fukia. Kuna binti mmoja wa Gredi ya Nne, mfupi kuliko jembe alilolishika, akaniambia, "Mwalimu, nyanyangu hupasua karatasi kwanza." Nikamuuliza kama nyanyake ana kitalu. Akasema hapana. Nikamwambia basi tusisumbue mizizi. Akaniangalia. Akafukia.

Wewe uliyeshaanza kucheka, ngoja kwanza. Hatujafika.

Ijumaa. Uwanja umefagiwa, mahema mawili, Bodi iko, wazazi wako, Fadha amefika na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ukingo wake unaweza kukata mkate. "Tumsifu Yesu Kristo!" "Milele na milele, amina!" Nikapewa kipaza sauti.

Hotuba hiyo nilikuwa nimeiandaa wiki nzima, na sasa ninapoikumbuka naona kwamba nilikuwa najichimbia kaburi kwa ufasaha. Nilianza na waraka wa Baba Mtakatifu Fransisko wa 2015, Laudato Si', unaoiita dunia nyumba yetu ya pamoja. Nikahamia kwa Wangari Maathai, nikawaambia wasichana kwamba na yeye alisomeshwa na masista kule Loreto Limuru, na mwaka 2004 akawa mwanamke Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Nobeli ya Amani. Makofi. Jamani, makofi si kitu kizuri. Mtu akipigiwa makofi huongeza.

Nikaongeza plastiki. Nikawapeleka kwa maneno hadi Dunga, ufukweni mwa Ziwa Viktoria, nikawaonyesha chupa zilizonasa kwenye gugumaji. Nikarudi kwenye marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza tarehe 28 Agosti 2017, nikawauliza watoto kwa sauti ya mhubiri wa soko la Kibuye:

"Faini yake inaweza kufika ngapi?"

"Milioni nne!"

"Au?"

"Miaka minne ndani!"

"Na plastiki ikifukiwa ardhini inaoza?"

"Haiozi, Mwalimu!"

"Itakaa kuliko nani?"

"Kuliko wajukuu wetu!"

Sista Mkuu akatikisa kichwa kwa furaha. Kusema kweli, nilijipenda.

Fadha akashuka. Mtumishi wa altare akaja na ndoo ndogo ya maji ya baraka. Mwarobaini wa arobaini ukanyunyiziwa, mimi pia nikapata matone mawili usoni, nikayapokea kama malipo. Fadha akapiga goti kando ya shimo, juu ya gunia tulilomtandikia, akaushika mche. Akaugeuza. Akaugeuza tena. Fadha wetu ni mtoto wa shamba kutoka Kakamega, na hilo nililikumbuka baadaye, kama vitu vyote vya maana.

Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, tunaupanda hivi hivi?"

Mlango huo hapo, umefunguliwa na mtumishi wa Mungu mwenyewe. Ningesema tu, "Subiri kidogo, Fadha." Maneno matatu. Mimi nikainama, kipaza sauti kikiwa bado mkononi na bado kinawaka, nikasema, "Hivi hivi, Fadha. Mizizi haitaki kusumbuliwa."

Ikasikika mpaka getini.

Fadha akanyamaza. Akauteremsha mche polepole. Ile karatasi ilikuwa mpya, imelowa maji ya baraka, na jua la saa sita likaipiga ikang'aa kama kiatu cha askari. Sijawahi kuona plastiki nyeusi hivyo maishani. Ilikuwa na vitundu vidogo ubavuni, na kwenye kimoja kizizi chembamba kilikuwa kimechungulia nje, cheupe, kama kidole cha mtu anayeomba msaada.

Hapo ndipo mkono ukainuka mstari wa mbele.

Mliowahi kufundisha mnajua kuna mikono ya aina mbili. Upo wa kwenda msalani, na upo ule. Huu ulikuwa ule. Umenyooka, hautetemeki, na chini yake ni yule binti wa nyanya yake.

Nikajifanya sijauona. Nikatazama ziwa, ambalo kutoka uwanjani kwetu halionekani.

"Mwalimu," Sista akaniambia, "kuna mtoto ana swali."

"Ndiyo, mama," nikamwambia mtoto.

"Mwalimu, hiyo juala tunaizika pia?" Juala, yaani ile karatasi ya plastiki.

Nje boda boda akapiga honi. Ndani hakuna aliyepumua. Nilifungua kinywa na, Mungu wangu, jibu likatoka lenyewe: "Hiyo ni ya aina ya kuoza."

"Lakini umesema haiozi."

Hakuwa na kiburi, ndiyo iliyoniuma. Alikuwa anataka kujua tu. Mtu mzima mmoja kwenye hema la wazazi akaguna, "Hmm." Fadha bado amepiga goti, mkono mmoja shimoni, anatazama samadi kwa umakini mkubwa, na mabega yake yakaanza kucheza. Sista akavua miwani. Miaka yote niliyofanya kazi pale, Sista akivua miwani kuna mtu anaandika barua ya kujieleza.

"Mwalimu," akaniuliza, "na ile mingine?"

Kabla sijapata uongo wa pili, klabu nzima ya mazingira ikajibu kwa pamoja, kwa fahari, kama nilivyowafundisha kujibu:

"Thelathini na tisa, Sista! Yote iko na juala!"

Na mmoja huko nyuma, sijui nani, na sitaki kumjua, akapiga hesabu kwa sauti: milioni nne mara arobaini.

Sheria ile, kwa taarifa yenu, ilitaja mifuko ya kubebea na kufungashia vitu, haikutaja karatasi za miche. Jaribu kumweleza hivyo umati unaocheka. Mimi nilijaribu. Nilirudi nyuma hatua moja ili nieleze vizuri, na nyuma yangu palikuwa na shimo la akiba ambalo mimi mwenyewe niliagiza lichimbwe, limejazwa samadi ya ng'ombe na maji tangu asubuhi. Mguu ukaingia mpaka gotini kwa mlio ambao kipaza sauti, kwa uaminifu wake, kiliutangaza. Nikauvuta. Mguu ukatoka. Kiatu kikakataa.

Madam wa Hisabati alikuwa na simu mkononi. Basi.

Yaliyofuata ni machache. Fadha alipomaliza kucheka, akaomba wembe, akapasua karatasi kutoka juu hadi chini, akaivua, donge la udongo likabaki zima kwenye kiganja chake, hakuna mzizi hata mmoja uliosumbuliwa. Kumbe hicho ndicho mzee wa Mamboleo alichomaanisha: usivunje donge. Sista akanieleza, mbele ya Bodi, kwamba mzizi uliofungwa kwenye plastiki hujizungusha humo humo mpaka mti ujinyonge wenyewe. Nikauliza kama mti uliobarikiwa unaweza kung'olewa na kupandwa upya. Fadha akasema baraka iliingia kwenye mti, si kwenye karatasi. Tukafukua yote thelathini na tisa mpaka saa kumi na moja jioni, mimi nikiwa na kiatu kimoja, na msimamizi wa kazi akiwa mtu wa Gredi ya Nne. Mwarobaini mmoja umenuna majani. Mingine iko sawa.

Mnaoniuliza kama bado ni mlezi wa klabu: Sista amesema ndiyo, kwa sababu sasa nimejifunza. Mnaoniuliza kuhusu kiatu: acheni.

Leo Jumatatu nimeingia ofisi ya walimu nikiwa nimejiandaa kwa lolote, nikakuta kimya. Salamu nzuri, kila mtu na madaftari yake. Hata Madam wa Hisabati amenipisha kiti. Nikaanza kuamini kwamba yamepita. Mama wa chai akaniletea kikombe changu na mandazi mawili kwenye sahani, akayaweka mbele yangu kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa.

"Kula bila wasiwasi, mwalimu," akasema. "Karatasi nimetoa."