Kaniki ya Kinondo na ufagio wa Wakayama

Mwaka wa sita huu niko Osaka, Japani, na nikipata likizo hukimbilia vijiji vya milimani mkoani Wakayama. Juzi nilipanda ngazi za mawe hadi kwenye hekalu dogo la Kishinto, dini ya jadi ya Wajapani: lango la mbao waliitalo torii, na mwerezi mkubwa uliofungwa kamba nene ya mabua ya mpunga. Hapakuwa na mtu ila bibi mmoja aliyekuwa akifagia majani kwa ufagio wa mianzi. Nilipopita katikati ya njia akaniashiria nisogee pembeni. Katikati hupita mungu wao.

Akanawa mikono, kushoto kwanza, akatupa sarafu ya yen 5, ile yenye tundu, akainama mara mbili, akapiga makofi mawili, akainama tena. Mimi Mwislamu, nilikaa ngazini tu. Mawazo yakaenda Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wamijikenda kwetu Kwale, pwani ya Kenya, ambako huingii bila kufungwa kaniki, na hutoki hata na kijiti.

Sasa, linaloniudhi ni hili. Wenzangu wakija Kyoto hupiga picha chini ya torii na kusifu utamaduni wa watu. Utaje kaya, utaambiwa huo ni ushirikina. Kilifi wazee wameuawa kwa kuitwa wachawi, na mara nyingi ukichimba unakuta nyuma yake kuna ugomvi wa shamba. UNESCO iliziandika kaya zetu katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Sisi tungali tunabishana kama zinafaa kutajwa mezani.

Lakini msinielewe vibaya, Wajapani nao si malaika. Kuanzia 1906 serikali yao iliamuru mahekalu ya vijijini yaunganishwe. Maelfu kwa maelfu yakafungwa, miti ya kale ikakatwa na kuuzwa. Mtafiti Minakata Kumagusu, aliyeishi Tanabe, humu humu Wakayama, alipiga kelele hadi mwaka 1910 akawekwa ndani. Kivuli nilichokalia kina watu waliokigombania.

Nilimuuliza bibi nani humsaidia. Hakuna, wanawe wako Tokyo, huja mwaka mpya. Nikanyamaza. Mara ya mwisho mimi kuingia Kinondo nilikuwa na miaka 15, na kaniki niliivaa huku nanung'unika.