Maxwell, Fildes au Guardia Nacional? Ghuba moja ya Antaktika na majina yake

Kati ya kisiwa cha King George na kisiwa cha Nelson, kwenye Visiwa vya South Shetland, kuna ghuba yenye urefu wa kilomita 16 hivi. Waingereza huiita Maxwell, Wachile Fildes, Waargentina Guardia Nacional. Chile, Urusi, China, Uruguay, Korea Kusini na Argentina zote zina vituo kandokando yake, hivyo ubishi wa jina unawagusa watu wanaoishi pale.

Hoja nzito ya wanaotaka jina moja ni usalama. Mamlaka ya bandari ya Chile pale hujulikana kwa jina la Bahía Fildes, yaani Ghuba ya Fildes. Lakini kaskazini-magharibi mwa ghuba hiyohiyo kuna mlangobahari wa Fildes, uliojaa miamba na unaopitika kwa mashua tu. Nahodha mwenye ramani ya Kiingereza akitafuta Fildes hapati ghuba. Anapata mlangobahari huo. Ndiyo maana katika dharura hutajwa kwanza latitudo na longitudo, jina likafuata. Hata hizo si kinga kamili: ramani za zamani zilizopimwa kwa jua na nyota zinaweza kupishana na vipimo vya setilaiti kwa mamia ya mita.

Basi lishike jina la kwanza? Hapo ndipo pagumu. James Weddell, nahodha Mwingereza na mwindaji wa sili aliyekuwa huko mwaka 1822–24, aliita ghuba na mlangobahari kwa pamoja Maxwells Straits; ni mwaka 1960 tu kamati ya Uingereza ya majina ya Antaktika ilipolibakiza jina kwa ghuba peke yake. Isitoshe, kanuni ya aliyetangulia huwapendelea wawindaji wa sili wa karne ya 19 na mataifa yao. Uingereza, Chile na Argentina zote hudai eneo hili, na ingawa ibara ya 4 ya Mkataba wa Antaktika wa 1959 imeyagandisha madai hayo, hakuna serikali inayotaka kuonekana imefuta jina lake kwa hiari. Kisheria jina haliongezi haki yoyote. Kisiasa, ni habari nyingine.

Orodha ya pamoja ya SCAR, kamati ya kisayansi ya Antaktika, huyahifadhi majina yote na kuyaunganisha na mahali pamoja, huku ikihimiza jina moja kwa sehemu mpya. Naona huo ndio mwelekeo sahihi: majina ya zamani yaachwe, mapya yabanwe.

Kazi ya kubana si ndogo. Katika hori (ghuba ndogo) la Marian, ndani ya ghuba hii, ukingo wa barafu umerudi nyuma zaidi ya kilomita moja tangu miaka ya 1950, na pwani mpya imejitokeza. Kabla ya kuipa jina, kagua orodha ya SCAR, hakikisha ni mwamba na si barafu iliyobaki, na jina lisifanane na la jirani. Kwa hori, kosa la kawaida ni kuweka kwenye ramani nukta moja katikati ya maji: anayefuata hajui hori linaishia wapi, akalihamishia jina hori la pili. Chora mpaka mzima, na mstari wa mdomo wa hori utoke rasi hadi rasi. Upande wa barafu, andika tarehe ya picha iliyotumika, maana ukingo huo hautakuwa palepale miaka kumi baadaye.