Sayansi ya Taarifa: Uwanja Upanuke Hadi Wapi?

Mwaka 1989 Chuo Kikuu cha Chicago kilifunga shule yake ya ukutubi, shule iliyokuwa ikifundisha tangu 1928 na ambayo ndiyo iliyotoa shahada za kwanza za uzamivu za fani hiyo nchini Marekani. Miaka mitatu baadaye Columbia nacho kikafunga ya kwake, iliyotokana na shule aliyoianzisha Melvil Dewey mwaka 1887. Vyuo vingine vilishtuka. Berkeley kiliondoa neno "maktaba" kwenye jina la shule yake katika miaka ya 1990, na mwaka 2005 kundi la vyuo likaunda umoja uitwao iSchools, yaani shule za taarifa. Leo ukipitia orodha ya wahadhiri wa shule hizo utakutana na wahandisi wa programu, wanauchumi, wanasosholojia na wanasheria. Mkutubi anaweza kuwemo, anaweza asiwemo.

Kwetu mambo yamekwenda kwa mwelekeo huohuo, ila taratibu zaidi. Makerere ilianza mwaka 1963 na Shule ya Ukutubi ya Afrika Mashariki, iliyokusudiwa kuhudumia nchi zote tatu. Baadaye sayansi ya taarifa ikaongezwa kwenye jina, na sasa shule hiyo imo ndani ya ndaki ya kompyuta. Chuo Kikuu cha Moi, kilipofungua kitivo chake mwaka 1988, kilianza moja kwa moja na jina pana. Chuo cha ukutubi cha Bagamoyo, Tanzania, bado kinafundisha wakutubi na watunza kumbukumbu, watu ambao ofisi zetu zinawahitaji kila siku na kuwataja kwa nadra.

Kwa hiyo swali la mipaka ni letu pia. Utafiti wa sayansi ya taarifa uchunguze kila kitu kinachoguswa na taarifa, kuanzia akili mnemba hadi faragha na biashara ya mitandaoni? Au urudi kwenye kiini chake cha zamani, yaani kumbukumbu, namna inavyopangwa, namna inavyotafutwa, na mtu anayeitafuta?

Wanaotaka uwanja upanuke wana hoja nzito. Ya kwanza ni historia yenyewe. Eugene Garfield alipotoa faharasa yake ya marejeo ya kisayansi mwaka 1964, lengo lilikuwa kumsaidia mtafiti kufuatilia nani amemnukuu nani. Wazo hilo la kuhesabu marejeo ndilo waliloliendeleza waanzilishi wa Google mwaka 1998 walipoamua kuupima uzito wa ukurasa kwa viungo vinavyouelekea. Karen Spärck Jones naye, mwaka 1972, alionyesha kuwa neno linaloonekana kwenye nyaraka chache lina thamani kubwa katika utafutaji kuliko neno lililozagaa kila mahali. Kanuni hiyo imefanya kazi ndani ya mitambo ya utafutaji kwa miongo mingi. Fani ingejifungia kwenye rafu, kazi hizo zingeonekana si zake.

Hoja ya pili ni kwamba watu wamehama. Mkulima wa mpunga wa Mbarali anauliza bei kwenye kundi la WhatsApp, mama mjamzito anauliza kwenye simu kabla hajafika kliniki. Anayechunguza jengo la maktaba peke yake anawachunguza wachache.

Upande wa pili nao usipuuzwe. Wanasema, na nadhani wanasema kweli, kwamba fani inayodai kila kitu haina kinachoitofautisha na jirani zake. Ukimpa mtafiti wa taarifa kazi ya kuunda modeli ya lugha, mhandisi wa kompyuta ataifanya vizuri zaidi. Ukimpa kazi ya kupima athari za mikopo ya simu, mwanauchumi atamshinda. Wakati huo, kazi ambayo ni yake hakuna anayeifanya.

Mfano mmoja unanigusa kila ninapoufikiria. Elfreda Chatman, mtafiti Mmarekani, aliwafuata wafanya usafi wa chuo kikuu, wajane na wanawake wazee kwenye makazi yao, na baadaye wanawake waliofungwa gerezani. Alitaka kujua kwa nini mtu mwenye shida huificha shida yake hata mbele ya wanaoweza kumsaidia. Makala yake ya 1996 kuhusu watu walio pembezoni inaonyesha kuwa taarifa inaweza kuwepo jirani kabisa na mtu asiichukue, kwa sababu kuuliza kunamweka hatarini. Matokeo ya namna hiyo hayapatikani kwa kuchambua takwimu za mibofyo. Yanataka mtafiti akae na watu, awasikilize, arudi tena.

Tukio la New York la 2023 linaelekea hukohuko. Mawakili katika kesi ya Mata dhidi ya Avianca waliwasilisha mahakamani rejea za hukumu ambazo hazikuwahi kutolewa. ChatGPT ilikuwa imezitunga. Jaji akawatoza faini ya dola 5,000. Teknolojia ilikuwa mpya, lakini kilichokosekana kilikuwa cha zamani sana: hakuna aliyekwenda kuhakikisha kuwa waraka upo, umetoka wapi na nani anauthibitisha. Wakutubi na watunza nyaraka wanafundishwa hilo tangu mwaka wa kwanza.

Nikizipima pande hizi mbili, naona ugomvi umewekwa mahali pasipo pake. Uwanja upanuke kwa zana kadiri uwezavyo: takwimu, programu, uchunguzi wa kijamii, sheria. Ila swali libaki moja, nalo ni hili: mtu anayehitaji kumbukumbu anaifikiaje, na nini kinamzuia? Utafiti unaoweza kukamilika bila kumgusa mtu huyo wala kumbukumbu hiyo tuwaachie wenzetu, hata kama una fedha nyingi.

Ukishika kipimo hicho, Afrika Mashariki ina kazi ya kutosha kizazi kizima. Chukua masijala ya ofisi ya ardhi. Mwananchi anataka jalada la kiwanja cha marehemu baba yake. Anaambiwa "njoo kesho," halafu "faili halionekani." Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya Tanzania ya mwaka 2016 inamtaka mmiliki wa taarifa ajibu ndani ya siku 30, na ya Kenya ya mwaka huohuo inatoa siku 21. Lakini siku hizo zina maana gani ikiwa masijala yenyewe haijui jalada liko kabati gani, au lilichukuliwa na nani mara ya mwisho? Wanasheria wameichambua sheria. Mwendo wa jalada kutoka meza hadi meza, ambao ndio unaoamua kama haki hiyo inatekelezeka, haujapata watafiti wa kuutosha.

Sasa tuseme majalada yamewekwa kwenye kompyuta. Mtumishi anaandika "hati za viwanja" na mfumo unamjibu kuwa hakuna kitu, kwa sababu aliyeingiza kumbukumbu aliandika "hati ya kiwanja." Kanuni maarufu ya Martin Porter ya mwaka 1980, iliyotungwa kwa ajili ya Kiingereza, hukata miisho ya maneno ili maneno ya mzizi mmoja yakutane. Kiswahili hubadilika zaidi mwanzoni, na kitenzi hubadilika pande zote mbili: anasoma, hawakusoma, alivyosomewa. Ukikata viambishi kiholela unaharibu, maana ki- ya "kiwanja" inakatika vizuri lakini ki- ya "kila" haikatiki, na wa- ya "watoto" si ile ya "wakati." Na "jino" na "meno" hazitakutana kamwe kwa kukata.

Kazi hii si kwamba haijaguswa. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza kujenga mfumo wa kuchambua maneno ya Kiswahili mwaka 1985. Google ilitoa mkusanyiko wa maswali na majibu wa TyDi QA mwaka 2020 wenye Kiswahili ndani yake. Maswali yake yaliandikwa na wasemaji wa lugha, lakini majibu yanatafutwa ndani ya Wikipedia. Tunawashukuru, tena kwa dhati. Hata hivyo mwananchi aliyesimama dirishani haulizi yaliyomo Wikipedia. Anauliza cheti cha kuzaliwa cha mtoto aliyezaliwa nyumbani, matokeo ya kipimo cha mwezi uliopita, barua ya uhamisho ambayo haijafika.

Hapa lazima niseme jambo kuhusu tasnifu zetu. Nyingi zina umbo moja: matumizi ya kitu fulani, miongoni mwa watu fulani, katika wilaya fulani. Hojaji inagawiwa, asilimia zinapangwa kwenye jedwali, na hitimisho ni kwamba kuna uhaba wa fedha, umeme na mafunzo. Siwadharau wanaozifanya. Mwanafunzi wa uzamili ana muda mfupi, hana ruzuku, na hojaji ni njia nafuu ya kumpa mtumiaji sauti. Pia ziko tafiti za hojaji, hasa kuhusu wakulima, zilizotufundisha kuwa mkulima humwamini jirani na ndugu kabla ya kipeperushi. Ila tukirudia umbo hilo bila kuuliza kilichomtokea mtu alipotafuta akakosa, tutakuwa tumeipanua fani kwa jina tu.

Mbinu mbadala ipo, na si ghali. Cyril Cleverdon, pale Cranfield nchini Uingereza katika miaka ya 1960, alichukua nyaraka 1,400 za uhandisi wa ndege, akawaomba waandishi wa makala za kitafiti maswali yaliyowasukuma kufanya kazi zao, kisha watu wakapima kila waraka kama unafaa kwa swali husika. Upimaji wa mifumo ya utafutaji hadi leo unafuata mtindo huo. Darasa moja la uzamili likigawana kazi linaweza kukusanya maswali mia tano kutoka kaunta za maktaba za mikoa, masijala za halmashauri na madirisha ya kumbukumbu za hospitali, yakaandikwa kama yalivyoulizwa, kwa Kiswahili cha waulizaji, pamoja na maelezo ya kilichopatikana na kilichokosekana.

Pingamizi kubwa ninaloliona haliko kwenye fedha. Maswali ya hospitali na ya ardhi ni siri za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 inayahusu moja kwa moja. Kufuta jina hakutoshi katika kijiji ambacho mwenye mgogoro wa shamba lile anajulikana na kila mtu. Nani ayatunze maswali hayo, chuo au halmashauri? Na kampuni ya akili mnemba ikiyaomba, nani atakuwa na mamlaka ya kukubali au kukataa kwa niaba ya aliyeuliza? Mkutubi, mtunza kumbukumbu na mwanasheria wanapaswa kukaa meza moja wakubaliane kabla swali la kwanza halijaandikwa.