Ripoti ya Flexner na vyuo ambavyo hakuna aliyetaka kuviinua

Abraham Flexner alipokagua chuo kimoja cha osteopathia (tiba ya kunyoosha mifupa na misuli kwa mikono) huko Des Moines, Iowa, alikuta kila mlango una jina: Anatomia, Fiziolojia, Patholojia. Yote imefungwa, na mwenye funguo eti hayupo. Kwa simulizi yake mwenyewe, aliaga, akajifanya anaondoka mjini, kisha akarudi kimyakimya na kumpa mtunza jengo dola 5 amfungulie. Ndani mlikuwa na dawati, ubao mdogo na viti. Basi.

Ni vigumu kumpinga mtu mwenye ushahidi wa aina hiyo. Flexner hakuwa daktari. Alikuwa mwalimu kutoka Kentucky aliyetumwa na wakfu wa Carnegie kukagua vyuo 155 vya udaktari Marekani na Kanada. Ripoti yake ya 1910 ilianika biashara: maprofesa wanagawana ada, na mwenye pesa anapokelewa hata kama hakumaliza sekondari. Aliyeumia ni mgonjwa. Kukichukua chuo cha Johns Hopkins, chenye maabara na hospitali yake, kuwa kipimo kulikuwa sahihi. (Sifa zote si zake, lakini: chama cha madaktari kilishaanza kuvibana vyuo hivyo kabla yake.)

Shida ni vyuo 7 vya Weusi. Alishauri vibaki viwili, Howard na Meharry. Kufikia 1923 vingine vyote vilikuwa vimefungwa. Watetezi wake husema vitano hivyo vilikuwa hoi kweli. Sikatai. Ila chuo dhaifu cha Wazungu kikifungwa Chicago, mwanafunzi alihamia kingine mjini humohumo. Leonard cha Raleigh, North Carolina, kimoja cha vitano hivyo, kilipofungwa 1918, kijana mweusi hakuwa na pa kwenda jimboni: chuo kikuu cha jimbo kilimpokea mwanafunzi mweusi wa kwanza wa udaktari 1951. Tena Flexner aliandika kwamba daktari mweusi afundishwe usafi zaidi kuliko upasuaji, na kwamba afya ya Weusi inawahusu Wazungu kwa sababu maradhi huambukiza. Hapo hakuwa anakagua maabara.

Hoja ya gharama, kwamba kuviinua vitano hivyo kungehitaji pesa nyingi mno, nayo hainishawishi. Mwaka 1913 mfuko wa elimu wa Rockefeller, ambako Flexner mwenyewe alihamia, uliipa Johns Hopkins dola milioni 1.5 ili baadhi ya maprofesa wake wafundishe bila kutegemea wagonjwa wa kulipa. Meharry nayo ilikuja kupata fungu lake. Kwa Leonard na wenzake wanne, ripoti haikupendekeza hata senti ya kuviinua.